Neno Moja Katika Karatasi ya Shangazi

14 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na masikio hayajazidi kukusumbua. Mimi sijambo, ila miguu yangu inalalamika kwa sababu ya ngazi. Chumba nilichopanga kipo ghorofa ya nne na lifti ilikufa kabla sijahamia. Kila wiki mwenye nyumba ananiambia fundi yuko njiani. Huyo fundi anatoka mbali sana, shangazi.

Mwambie baba nimepata barua yake ya mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo mitatu ulikuwa anwani.

Kazi nimeianza tarehe tatu. Tunatengeneza kamusi kubwa ya Kiingereza inayofafanuliwa kwa Kiswahili. Tuko watu saba, meza saba, na birika moja la chai linalogombewa. Kila neno lina kadi yake, na kadi zimejaa kwenye droo za mbao kuanzia sakafuni hadi usawa wa kidevu changu. Mhariri wetu mkuu ni mama mwembamba anayeongea kama anayelipia kila neno. Siku ya kwanza alinitazama, akaburuta kiti hadi ukutani, akasema, "Wewe utakaa na wakanushaji."

Wakanushaji ni maneno ya Kiingereza yaliyobandikiwa mbele kipande kidogo cha kukataa: *un*, *in*, *dis*, *non*. Ni kama sisi tunavyosema *si* au *ha*. Kazi yangu ni kueleza kila moja lina maana gani na limetoka wapi. Nilidhani ni kazi kavu. Kumbe! Chukua *uncouth*, mtu asiye na adabu. Zamani lilimaanisha tu mtu asiyejulikana. Yaani mgeni alifika, hawakumjua, na baada ya muda wakaamua kwamba hana adabu. *Infant*, mtoto mchanga, ni Kilatini, "asiyesema". *Disease*, ugonjwa, ni kukosa raha, basi. Na *enemy*, adui, ndani yake kuna "asiye rafiki", lakini vipande viwili vimesagika vikashikana hata mshono huuoni. Hilo nililiandika nikakukumbuka wewe na ngozi zako za viatu.

Nijibu upesi. Huku hakuna anayenicheka vizuri.

Binti wa kaka yako

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imelowa pembe moja, lakini nimeisoma yote, mara mbili. Masikio ni yale yale. Miaka ishirini na sita ya kugonga viatu kwa nyundo juu ya chuma haiondoki kwa matone ya dawa. Simu kwangu ni nyuki ndani ya kopo, kwa hiyo endelea kuandika.

Baba yako kanunua baiskeli. Ana miaka sitini na nane, kaendesha malori maisha yake yote, sasa anasema mafuta yamepanda bei kwa hiyo atakanyaga. Jumamosi alikanyaga mpaka kwenye ua wa jirani, akatoka na majani kichwani, akasema breki zinahitaji kuzoeleka. Sijamjibu. Nilikuwa nashika mbavu.

Hao Walatini wako hawakulea mtoto. Asiyesema? Wewe ulianza kupiga domo kabla ya meno. Na ulipofundishwa Kiingereza ndiyo hatukupumua. Ulisoma kila kibandiko cha dawa, kila gunia, kila tangazo la ukutani, na baba yako akawa anawaambia watu sokoni, "Huyu wangu anatafsiri." Shingo yake ilirefuka siku hizo. Na yangu, nisiseme uongo.

Habari nyingine ni ndogo. Yule kijana mkuu mpya wa karakana ya viatu pale hospitali amekuja tena. Mara ya tatu hii. Anataka nikafundishe mafundi wake watatu. Anasema viatu vya watoto wenye miguu iliyopinda vinatoka na kikunjo kwenye kisigino, vinakwaruza, watoto wanavivua na kuvitupa. Najua kosa lao. Wanavuta ngozi kwenye kalibu ikiwa kavu. Wanatakiwa wailoweshe, waivute kidogo kidogo, waiache ilale na ule mguu wa mbao kama imezaliwa nao.

Nilimpa chai nikamwambia nimestaafu. Akasema, "Mama, miaka kumi na sita sasa. Tunaomba tu siku mbili kwa wiki." Nikamwongeza chai, nikamfungulia mlango.

Kula vizuri. Ghorofa nne bila chakula ni mazishi.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimemcheka baba mpaka mhariri mkuu akainua kichwa. Nimemsomea ile ya majani. Hakucheka, ila alisema, "Shangazi yako anaandika." Kwa yule mama hiyo ni hotuba nzima.

Lakini niruhusu niulize jambo ambalo nyumbani hakuna anayeuliza. Kwa nini hutaki kurudi hata kufundisha? Nakumbuka nilipokuwa mdogo ulikuwa unanipeleka kule karakana, unanikalisha juu ya rundo la ngozi, na mimi naangalia watoto wanaingia wamebebwa na kutoka wanatembea. Watu walikuita Fundi hata barabarani. Halafu ukastaafu, na sikukusikia tena ukiitaja karakana. Hata njia ile huipiti. Unazunguka kwa sokoni. Baba anasema ulichoka. Mimi sijawahi kukuona umechoka.

Usiponijibu nitaelewa.

Droo yangu inasonga mbele. Nimejifunza *unkempt*, mchafu wa mwonekano, ambalo asili yake ni "asiyechanwa nywele", kwa hiyo asubuhi zangu zote zina jina. *Nonchalant*, asiyejali, ni Kifaransa, na ndani kabisa ni mtu ambaye jambo halimpashi joto. Na lipo moja lililonifanya nicheke peke yangu: *inflammable*. Ukiliona na hiyo *in* yake mbele utasema ni kitu kisichoshika moto. Siyo! Kinashika moto vizuri mno. Hiyo *in* si ya kukataa, ni ya "ndani", kuwasha moto ndani. Wapo watu waliowahi kulielewa vibaya, na siku hizi wengine wamelikata kichwa waandike *flammable* ili watu wasiungue. Unaona? Hivi vipande si vya kuviamini kwa macho.

Wasalimie wote, na baiskeli pia.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua imeanza, bati la jikoni linavuja pale pale, na baba yako kasema atapanda juu kulitengeneza. Nimeficha ngazi.

Hilo neno lako la moto nalijua. Sikulijua kwa sauti, nalijua kwa sura. Lilikuwa kwenye makopo yetu ya gundi, herufi nyekundu. Na gundi ile kila mtu alijua inawaka. Mwenzetu mmoja aliwasha sigara karibu nayo akabaki bila nyusi mwezi mzima, tukawa tunamwita Yai. Kumbe mbele yake kulikuwa na hiyo *in*. Miaka yote nimeiona *in* mbele ya kitu kinachowaka na sikufikiri.

Tangu nisome barua yako nimekuwa nikifikiri.

Nina swali, na wewe usiniulize kwa nini. Katika droo yako kuna neno hili? Nimelinakili herufi kwa herufi, kama nilivyokuwa nanakili alama za miguu kutoka kwenye karatasi ya kipimo, kwa hiyo halina makosa: *invaluable*.

Nataka maana yake. Ya kadi, siyo ya kunifurahisha.

Shangazi yako

30 Aprili

Mwanangu,

Sijapata jibu. Wiki saba. Nimeuliza posta, yule binti wa dirishani anasema barua hazijapotea mwaka huu, labda ni mwandikaji aliyepotea.

Kama unaumwa, sema. Kama ni kazi, mistari mitatu kama ya baba yako inatosha. Yeye hajambo, amevunja kengele ya baiskeli na sasa anapiga mluzi kwenye kona.

Kama ni lile neno, sema pia.

Shangazi

19 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Siumwi, na kazi si nyingi. Ni lile neno.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na nilikaa hapo hapo chini. Nimeanza kukujibu mara nyingi. Kila nikiandika nachana, kwa kuwa kila nilichoandika kilikuwa kinanitetea. Hii sitaichana.

Maana kwanza, kama ulivyoomba. *Invaluable* ni kitu chenye thamani kubwa kiasi kwamba haikadiriki. Hiyo *in* inakataa kweli, lakini haikatai thamani. Inakataa kukadiria. Inasema msijaribu kutaja bei, hamtaiweza. Ni neno la kumsifu mtu mpaka mwisho wa sifa.

Sasa lililobaki.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, baba alikuwa safarini na lori. Ulirudi kazini na bahasha ya hospitali. Ilikuwa barua yako ya kustaafu, ya Kiingereza kama barua zote za hospitali, na kesho yake Ijumaa walikuwa wanakuaga. Ulikaa kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua aproni, ukasema, "Haya mtafsiri, nisomee." Nilikuwa navimba kichwa. Nikasoma kwa sauti ya darasani. Nikafika pale. *Valuable* nililijua, yenye thamani. Na wiki ile ile mwalimu alitufundisha kwamba *in* ni ya kukanusha. Basi nikajumlisha. Nikakutafsiria, "Kazi yake katika karakana hii haikuwa na thamani."

Ukasema, "Soma tena."

Nikasoma tena. Kwa sauti kubwa zaidi, shangazi, nikidhani ni masikio.

Ukaikunja karatasi. Ukasema, "Ahsante, mwanangu. Kaoge."

Laiti ingeishia hapo. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kule bweni, mwalimu alilitumia neno lile akimsifu mpishi wa shule. Nilijua saa ile ile. Nikaapa nitakuambia likizo. Likizo ikaja, nikakukuta unacheka na baba uani, nikajisemea amesahau. Na mimi nilikuwa Mtafsiri, kila mtu alijivunia Kiingereza changu, ada yangu ya shule mlikuwa mnaichangia nyote wawili. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi. Wiki ile nilipokuuliza kwa nini hurudi karakana, nilikuwa naogopa jibu ambalo nilikuwa nalo tayari.

Jambo la mwisho, ili usije ukaambiwa na mwingine. Katika kamusi moja kongwe hapa ofisini nimekuta kwamba zamani sana, karne nyingi zilizopita, wapo walioliandika neno hili kwa maana niliyoisoma mimi, kitu kisicho na thamani. Ningeweza kujificha nyuma ya hao marehemu. Sijifichi. Aliyekuandikia hakuishi zama zao, na mimi nilikuwa na mdomo.

Sisemi nisamehe. Nasema nilifanya.

Binti wa kaka yako

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Niliisoma siku ya Jumanne. Jumatano na Alhamisi sikuongea na mtu. Baba yako alidhani ni masikio, akawa ananipigia kelele za salamu. Ijumaa nilimsomea barua yako yote. Akasema, "Na mimi nilitamba sokoni." Akatoka kwenda kukanyaga baiskeli yake kwenye mvua.

Nisikilize vizuri. Kosa la mtoto wa miaka kumi na moja si kosa. Nani alimpa mtoto karatasi ya mtu mzima? Mimi. La msichana wa miaka kumi na saba ni kosa. Nimeliweka mahali ninapoliona, na litakaa hapo mpaka lenyewe lichoke. Usiniharakishe.

Na langu ni hili, kwa sababu wewe umesema lako lote.

Nilikuwa nikimwita Pima-Tena, msimamizi wetu wa karakana. Sote tulimwita hivyo. Ukimletea kipimo cha mguu wa mtoto, hata kiwe safi vipi, angesema, "Pima tena." Miaka ishirini na sita nilipima tena. Wengine aliwagombeza, mimi hakunigombeza hata siku moja, na hakunisifu hata siku moja, na nilijua hiyo ndiyo sifa yake. Nikiweka kiatu mezani kwake alikigeuza, akakinusa, akakiweka kwenye dirisha la viatu vilivyo tayari. Basi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa fahari.

Halafu yeye, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, aandike kwamba vyote vile havikuwa na thamani.

Ijumaa ile sikwenda kuagwa. Walinisubiri. Jumapili alikuja nyumbani, nikamwona dirishani, sikufungua. Wiki iliyofuata akaja tena, akabisha, akaita jina langu mara mbili, nikakaa kitandani nimeshika magoti yangu. Hakurudi tena. Na mimi kila nilipofikiri labda kuna kosa, labda nimuulize mtu mwingine, niliona aibu. Nani anazunguka mitaani na karatasi inayosema hana thamani, anaomba isomwe vizuri zaidi? Hasira ilikuwa rahisi kuibeba. Ilinisimamisha wima. Nilitembea na shingo juu miaka kumi na sita, na hakuna mtu aliyewahi kunionea huruma.

Sisi kwa lugha yetu tunasema "huyu hana bei", na unajua kwa uso wa msemaji kama unasifiwa au unatukanwa. Karatasi haina uso. Nilipaswa kwenda kuuangalia wake.

Sasa kazi yako. Nitafsirie mstari ule upya, kwa mwandiko wako mzuri, kwenye karatasi nzuri. Usiutie chumvi.

Shangazi yako

21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi imo ndani. Nimeandika, "Kazi yake katika karakana hii ilikuwa na thamani isiyopimika."

Mhariri mkuu ameniuliza kwa nini siku nzima nimeikalia kadi moja. Nimemweleza yote. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema nina siku saba za likizo nikizitaka. Nije? Nimtafute yule mzee msimamizi wako mimi mwenyewe, nimwambie kosa ni langu? Nipo tayari kupanda basi kesho.

Binti yako

30 Juni

Mwanangu,

Usije bado. Hilo ni la miguu yangu.

Na karatasi nimeirudisha, imo ndani. "Isiyopimika" ni neno gani hilo kumwandikia fundi wa viatu? Kila kitu kinapimika. Nimepima miguu yenye vidole vitatu, nimepima miguu inayoangalia nyuma. Andika lingine.

Shangazi

16 Agosti

Mwanangu,

Marahaba nyingi. Karatasi ya pili nimeipokea. "Isiyokadirika." Hilo sawa. Kukadiria ni kubahatisha, na kazi yangu haikuwahi kuwa ya kubahatisha.

Nimechelewa kuandika kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nitakuambia kwa mpangilio.

Pima-Tena yu hai. Ana miaka themanini na tatu, anakaa kwa binti yake, mtaa wa nyuma ya shule ya msingi, nyumba ya mlango wa kijani. Kwa miguu ni dakika ishirini na tano kutoka kwangu. Dakika ishirini na tano, mwanangu, na ilinichukua miaka kumi na sita.

Nilivaa gauni la bluu. Baba yako alitaka kunipakia kwenye baiskeli, nikamwambia nataka kufika nikiwa mzima. Binti yake alinikaribisha sebuleni. Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha, amekonda, ila macho ni yale yale ya kutafuta kasoro. Aliniangalia kuanzia viatu kupanda juu, kama kawaida yake.

Akasema, "Fundi."

Nikasema, "Msimamizi."

 Binti yake akaleta chai, akaona hali, akaondoka taratibu.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinitoka. Nikatoa karatasi yenyewe, ile ya zamani, na juu yake ile uliyoandika wewe, nikamwekea mapajani. Nikamwambia, "Hii nilisomewa vibaya. Nimesomewa vizuri mwezi wa sita mwaka huu."

Alizisoma zote mbili polepole. Kidole chake kilikwenda mstari kwa mstari, kikasimama pale. Akauliza, "Walikusomea nini?"

Nikamwambia.

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Akasema, "Neno hilo nililitafuta kwenye kamusi ya ofisi ya daktari mkuu. Nilikaa humo saa nzima. Sikutaka kuandika kazi nzuri, kila mtu anaandikiwa kazi nzuri." Akaikunja ile karatasi ya zamani. "Nilidhani umekasirika kwa sababu tumekustaafisha."

"Nilikasirika kwa sababu nilikuamini," nikasema.

"Ijumaa ile nilikuwa na hotuba mfukoni. Ya Kiswahili."

"Ilisema nini?"

"Nimesahau," akasema. Hajasahau. Mtu anayekumbuka kipimo cha kila kalibu hasahau hotuba. Lakini alikuwa ameinua kidevu, na mimi nakijua kidevu hicho kwa sababu ninacho kama chake, kwa hiyo sikumlazimisha. Yeye naye hakuniuliza kwa nini sikufungua mlango. Pole haikutoka kwake na haikutoka kwangu. Tulikunywa chai.

Niliposimama kuondoka akataka kunisindikiza, akashika mkongojo, na hapo ndipo niliona. Amevaa makubazi yaliyokatwa mbele. Mguu wa kushoto umevimba na kupinda kwa ndani, kidole gumba kimepanda juu ya mwenzake, na nyama imechubuka pale ukanda unapopita. Mtu aliyesimamia viatu vya miguu mibovu ya nchi nzima, anatembea hivyo! Nilimuuliza kwa nini hakwenda karakana. Akasema alikwenda. Walimtengenezea. Vina kikunjo kwenye kisigino.

Mwanangu, damu ilinichemka. Nilimwambia, "Kaa chini. Lete mguu." Nikapiga magoti na gauni langu la bluu, nikamuomba binti yake penseli na kipande cha uzi kwa sababu sikubeba futi, na nikampima hapo hapo sakafuni.  Nilipomaliza nilipima mara ya pili bila kuambiwa, nikamsikia anacheka puani.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi nilikuwa kwenye lango la karakana. Yule kijana mkuu alipofika alinikuta nimekaa kwenye benchi la wagonjwa na aproni yangu. Nikamwambia masharti yangu ni mawili. Nafundisha siku tatu kwa wiki, siyo mbili, kwa sababu kazi niliyoiona kwenye miguu ya mzee ni aibu. Na kiatu cha kwanza tunachotengeneza ni cha huyo mzee, na wote watatu watasimama kuangalia.

Siku ya kwanza walinidharau kidogo, nikaona. Mmoja aliniongelesha kwa sauti ya kumbembeleza bibi. Nikampa ngozi kavu na kalibu, nikamwambia avute. Ikakunja. Nikachukua kipande kingine, nikakilowesha, nikakiacha kinywe maji yake, nikavuta huku nawahadithia habari ya Yai na nyusi zake. Nilipotoa mikono ilikuwa imelala tuli, haina hata mstari. Yule wa sauti ya bibi akaipapasa na kidole chake, akaniangalia. Tangu siku hiyo ananiita Fundi. Mikono yangu inatetemeka kidogo kwenye sindano, nakiri, lakini kwenye ngozi haitetemeki.

Tulichukua wiki tano. Nilifumua soli mara mbili. Jana nilimpelekea, mafundi wote watatu wamenifuata kama kwaya. Nilimvalisha mwenyewe, nikafunga kamba, nikarudi nyuma. Alisimama. Akausogeza mguu wa kushoto, akasubiri maumivu, hayakuja. Akatoka mlangoni, akatembea hadi kwenye ukuta wa shule na kurudi, mkongojo umebaki kwenye kiti. Mimi sikumwangalia usoni, niliangalia kisigino. Kinakanyaga sawasawa.

Aliporudi, alikaa akavua kimoja, akakigeuza, akakinusa. Ndipo akaona nilichofanya. Unajua karakana haikuwahi kuturuhusu kuweka alama zetu. Kila kiatu kilitoka na namba ya hospitali na mwaka, basi, kama gunia. Viatu elfu kadhaa vimepita mikononi mwangu na hakuna hata kimoja kinachonijua. Safari hii nilipasha chuma moto nikachoma jina langu. Lote, la kwangu na la baba yetu. Pima-Tena akalisoma, akasema, "Kwa kawaida fundi akiweka jina huliweka ndani, chini ya unyayo."

Nikamwambia najua. Mimi nimeliweka nje, nyuma ya kisigino, herufi kubwa, ili kila atakayetembea nyuma yake alisome.

Shangazi yako, Fundi